Masika Wawili na Nyota Nyekundu ya Begani

Harufu ya muhogo uliovundikwa ukaanikwa ikinipitia puani, hata leo nikiwa katikati ya mji wa Kasese na viatu vyangu vya kung'aa, mgongo wangu hutaka kulala chini. Msicheke. Ni mgongo wenyewe unaotaka, mimi simo. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kwetu Bwera, mama alikuwa akianika muhogo nyuma ya nyumba kwenye turubai la buluu, turubai kubwa kiasi kwamba ungeweza kulifunikia soko zima la Mpondwe na wachuuzi wake ndani. Jioni muhogo ukishazolewa, turubai lilibaki na vumbi jeupe na joto la jua, nasi watoto wawili tukajilaza chali hapo kutazama nyota kwa amri ya shule. Asubuhi nywele zetu zilinuka muhogo mpaka kuku wa majirani walitusindikiza hadi mlango wa darasa.

Nimesema watoto wawili, na hapo ndipo lilipokuwa donda langu.

Kwetu jina la mtoto linatokana na zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza wa mama yake ni Masika, wa pili ni Biira, na kuendelea hivyo mpaka mama achoke. Mimi ni wa kwanza, kwa hiyo Masika. Miaka kumi na miwili nilikuwa Masika peke yangu katika nyumba ile, na nililifurahia jina hilo kama mtu anavyofurahia kitanda asichogawana na mwingine. Kisha mama mdogo, ndugu yake mama wa kufuatana, akavuka mpaka kutoka upande wa Beni, magharibi mwetu, ambako bunduki zilikuwa zikilia, na mabegi mawili, godoro moja, na binti yake wa kwanza. Mnaona mambo yanakoelekea. Masika.

Siku hiyo hiyo nikawa Masika wa hapa na yeye Masika wa ng'ambo. Jina langu la bure likaongezewa mkia. Kitanda nacho kikagawanywa. Mama akiita "Masika!" tuliitika wote wawili, lakini yeye alifika kwanza, na mikono keshaifuta. Alikula bila kelele. Aliosha sufuria mpaka ukaweza kujitazama ndani yake ukichana nywele. Mama alikuwa na sentensi moja tu kwa ajili yangu wakati ule, na aliitumia asubuhi, mchana na jioni kama dawa ya hospitali: "Tazama mwenzako." Nilimtazama sana, jamani. Nilimtazama mpaka macho yakawasha.

Ndipo likaja jambo la nyota. Mwalimu Thembo, aliyetufundisha sayansi, aliingia darasa la sita na bunda la karatasi akatuambia kwamba watu wa chuo kikuu wanaochunguza anga wanahitaji macho yetu. Tulitazamana, maana hatukuwa tumewahi kusikia kwamba tuna kitu ambacho chuo kikuu kinakihitaji. Akaeleza kwamba taa za miji zinaongezeka na zinazifuta nyota, na wataalamu hawawezi kukaa kila kijiji kila jioni, basi wanawaomba wananchi wa nchi nyingi watazame kundi lile lile la nyota, waandike wanachokiona na kuwatumia. Kila karatasi ilikuwa na picha saba za kundi moja, yule mwindaji aitwaye Jabari mwenye nyota tatu za mkanda. Picha ya kwanza ilikuwa na nyota chache tu, ya saba imejaa kama ufuta uliomwagika. Kazi yetu ilikuwa kutoka saa mbili usiku, siku ambazo mwezi haupo, kukaa gizani dakika kumi macho yazoee, kisha kuchagua picha inayofanana na anga la kwetu. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja mtupu wa kuandika jambo lolote ulilolishangaa.

"Na msiweke uongo," alisema Mwalimu Thembo, akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Karatasi za kwanza tulipewa kabla ya likizo kubwa, za pili shule ilipofunguliwa, kila mara za wiki mbili. Jioni ya kwanza tukajilaza turubaini. Kwenye karatasi mwindaji alisimama wima kama askari wa gwaride. Kwetu alikuwa amelala ubavu, kichwa upande wa milima, miguu upande wa ziwa, kama baba mmoja wa jirani siku za soko. Nilicheka peke yangu. Masika wa ng'ambo hakucheka, alikuwa anazoesha macho. Dakika kumi zile! Mimi dakika ya pili nilishahisi mbu, ya tatu kiu, ya nne nikakumbuka kazi ya hesabu, ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuikumbuka kwa hiari. Yeye alikaa kimya kama jiwe la kusagia.

"Umeona ngapi?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza, dada. Bado zinatoka."

"Mimi nimeshamaliza. Nimeona zote."

"Zote?"

"Zote, na nyingine za akiba."

Nikajaza picha ya saba. Siku iliyofuata, ya saba. Nilijua namna shule inavyofanya kazi: ukitaka alama, unanakili kilichochapishwa vizuri. Kama wataalamu wenyewe wamechora nyota zote zile, mimi ni nani niwapunguzie? Na kwenye mstari wa mwisho niliandika mambo makubwa. Nyota imeanguka ikapiga kelele. Nyota nyingine ilikuwa na upana wa sahani. Nilikuwa najua kwamba mtu wa chuo kikuu akisoma hayo ataacha chai yake ipoe.

Masika wa ng'ambo alikuwa anajaza picha ya nne, siku nyingine ya tano, siku taa za mpakani zimewashwa zote akajaza ya tatu. Ya tatu! Nilimwonea huruma kidogo, na huruma ile ilikuwa tamu. Nikasema moyoni, kumbe kuna kitu kimoja ambacho huyu hakijui. Kisha mzunguko wa pili wa karatasi ulipoanza, nikamkuta anaandika kwenye mstari wa mwisho kwa mwandiko wake wa mviringo: *Nyota nyekundu ya begani imepungukiwa nguvu.*

"Nyota inapungukiwa vipi nguvu? Imeugua?"

"Sijui. Kabla ya likizo ilishindaka mwenzake ya bega ingine. Sasa ziko sawasawa."

Nikatazama. Niliona wekundu kidogo begani mwa mwindaji, na mwenzake upande wa pili. Zote zilikuwa nyota tu. Nikashika karatasi na tochi nikamwonyesha kwamba kwenye picha ile nyekundu imechorwa kubwa. "Umeona? Wataalamu wanasema ni kubwa. Wewe unataka kubishana na karatasi?"

"Mimi nimeandika yenye niko naona," akasema, akaikunja yake.

Kwenye zile wiki mbili za pili kulikuwa na jioni moja iliyonyesha mvua kutoka saa kumi na mbili mpaka kulipokucha, mvua iliyowafunza ng'ombe kuogelea. Yeye aliandika: *mvua, sikuona kitu.* Mimi niliandika saba. Tulikuwa tumekaa meza moja, chini ya bati moja lililokuwa linapiga kelele.

Baada ya muda Mwalimu Thembo akatuita mstarini asubuhi akiwa na barua. Watafiti wangekuja na darubini yao mpaka Nyakalengija, chini ya milima, mahali ambapo taa ni chache, na kila shule iliyoshiriki ingeleta mtoto mmoja ambaye karatasi zake ziliwafurahisha. Wa shule yetu, alisoma, ni Masika.

Wakasimama Masika watano. Mmoja alikuwa wa darasa la tatu, hata karatasi hakuwahi kuishika. Shule nzima ikacheka. Mwalimu akasema, "Wabaki Masika wenye walimaliza jioni zote." Watatu wakakaa. Tukabaki wawili, wa hapa na wa ng'ambo, kila mmoja na vumbi la muhogo nyuma ya shingo.

Barua haikusema zaidi ya jina, na sisi kwenye karatasi tulikuwa tumeandika jina moja moja tu, kama tulivyozoea, maana nyumbani nani anauliza jina la pili? Mwalimu alitutazama kwa zamu. Nataka mjue kwamba sikujua kama ninaiba. Nilikuwa na hakika. Nani amwite mtu aliyeona tatu, amwache aliyeona saba? Lakini nilipomgeukia Masika wa ng'ambo nikaona kwamba naye ana hakika, hakika ya kimya, na hakika ile ilinichoma zaidi ya pilipili. Nikasema kwa sauti, "Mwalimu, mimi ndiye wa shule hii toka darasa la kwanza."

Masika wa ng'ambo akanitazama kidogo. Kisha akakaa chini, akavuta sketi yake vizuri juu ya magoti.

Siku ya safari mama alisema Nyakalengija kuna baridi ya kuvunja meno, na sweta zito lililokuwa nyumbani mwetu lilikuwa moja tu, lile la kijani alilovuka nalo Masika wa ng'ambo. Nilisema sitaki. Alilileta mwenyewe, akaligeuza upande wake wa nje na kunivalisha kichwani kama mtoto mchanga.

"Uvae, dada. Usipate kikohozi mbele ya wakubwa."

Afadhali angenipiga kofi.

Tulifika Nyakalengija jioni, mimi na Mwalimu Thembo. Watoto wa shule za Munkunyu na Karambi walikuwa wamekwisha kufika, pamoja na wabeba mizigo wa mlimani waliosimama pembeni na makoti yao kuona ni nini hicho kilicholetwa. Darubini ilikuwa nene kama bomba la maji, imesimama kwa miguu mitatu. Aliyeisimamia alikuwa mwanamke kijana, Madamu Asiimwe, mwenye tochi iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu ili isituharibie macho, kwa hiyo alikuwa na uso mwekundu kama mtu anayepuliza jiko. Giza lilipokamilika, akatoa bahasha.

"Masika wa Bwera ni nani?"

"Mimi hapa, Madamu!" Nadhani walinisikia mpaka kwenye barafu ya juu.

Akanishika bega, akanisogeza mbele ya wote. Akasema kwamba wakati ule ule, wachunguzi wa nchi za mbali wenye vyombo vya thamani walikuwa wameanza kuulizana kwa nini nyota nyekundu ya Jabari inafifia, na kwamba huku kwetu, bila mtu kumwambia, mtoto mmoja ameliona kwa macho yake na kuliandika kwenye mstari wa mwisho. "Waeleze wenzako, Masika. Ulijuaje?"

Nyota yangu ya upana wa sahani hakuitaja, wala ile iliyopiga kelele. Aliyoitaja ilikuwa nyekundu. Ilikuwa ya *yule*. Mtu mwingine angesema ukweli pale pale. Mimi nikafungua mdomo na maneno yakatoka yenyewe, yamevaa nguo za sikukuu. Nikasema nilipanda juu ya paa. Nikasema nilijifunga kamba kiunoni nisianguke. Nikasema nililala huko juu siku tatu bila kula.

"Sawa," akasema Madamu Asiimwe, na tabasamu lake lilikuwa limepungua. "Uliipima na nini kujua kwamba imefifia?"

"Na... mwezi."

"Jioni zile hazikuwa na mwezi."

Mvulana wa Karambi akasema, "Wee! Huyo alipima na balbu ya nyumbani kwao!" Wabeba mizigo ndio walioanza kucheka, tena kicheko cha watu wenye mapafu ya mlimani. Madamu Asiimwe hakucheka. Alikuwa anapekua karatasi chini ya mwanga mwekundu. "Hapa kuna miandiko miwili," akasema polepole. "Mmoja wa mviringo. Na mwingine huu... jioni ya mvua, umeona nyota zote?"

Sweta la kijani likaanza kunibana shingoni. Nikatazama chini nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mimi mwenyewe nikainama kuisikiliza, "Wa mviringo siyo mimi. Ni Masika mwingine. Yuko nyumbani."

Nilingoja waniambie niende nikakae ndani ya gari. Badala yake Madamu Asiimwe akamgeukia Mwalimu Thembo: "Kuna simu huko kwao?"

Mwalimu akapiga simu ya mama, akaweka sauti kubwa, na kwa kuwa alihitaji mikono yake kushika karatasi, simu akanipa mimi niishike juu watu wote wasikie.

"Haloo? Mwalimu, mtoto iko mzima? Ameanguka?"

"Mzima, mama. Tunamtaka yule Masika mwingine."

Tukasikia mama akiita, na mara hii aliitika mmoja tu. Tukasikia mlango, mbuzi, muziki wa mbali wa huko mpakani. Madamu Asiimwe akauliza swali lile lile, na kutoka kwenye kiganja changu mwenyewe ikatoka sauti ya Masika wa ng'ambo.

"Ngoja nitoke inje nione, Madamu." Anazoesha macho, nilijua. Kundi zima likangoja, hata yule wa Karambi. "Iko bado dhaifu. Nilipimaka na mwenzake ya bega ingine, ile ya bluu-bluu kidogo. Kabla ya likizo, hii nyekundu ilimushinda. Kisha zikawa sawa. Na kuna ingine ya machungwa, pembeni, kama inatangulia Jabari. Ile haikubadilika, ndiyo maana nilijua siyo macho yangu."

Madamu Asiimwe aliacha kuandika. "Nani alikufundisha kupima na nyota mbili?"

"Hapana mutu, Madamu."

Na mimi nimesimama hapo, mkono juu kama mlingoti, nabeba sifa za mwenzangu mpaka bega linauma. Niwaambie jinsi nilivyojisikia? Nilitamani betri iishe. Nilitamani mpaka nikaiangalia: ilikuwa imejaa.

"Karatasi zimekwisha siku nyingi," Madamu Asiimwe akasema. "Bado unatazama?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Sababu nyota zinapitaka hapa kwanza, kisha zinaenda kushuka kwetu."

Mmoja wa wale wabeba mizigo alivua kofia yake, akaikunja. Mimi nilichokiona ni kwamba watu wamenyamaza kwa ajili yake tena, na jibu lenyewe hata halikuwa la sayansi. Nyota zote zinashuka magharibi! Hata mbuzi anajua! Nilikasirika kwamba mtu anaweza kusema jambo rahisi hivyo akanyamazisha mlima.

"Masika iko hapo?" simu ikauliza. "Ameshaangalia mu mashini? Mumuache aangalie sana. Yeye njo alikuwa anatushikia tochi."

Walinipa zamu, ya mwisho. Niliinama, nikafumba jicho moja. Nyota nyekundu ilikuwa katikati ya duara jeusi, nukta moja ya rangi ya kaa linalokaribia kuzima, inatetemeka. Haikuwa sahani. Haikupiga kelele. Niliitazama kwa muda mrefu zaidi ya nilivyowahi kutazama kitu chochote, nikitafuta alichokiona yeye.

Kesho yake usiku, kitandani, akaniuliza, "Inafanana namna gani?"

Nilikuwa na maneno tayari, jamani, maneno ya kujaza ghala. Nikasema, "Ndogo. Nyekundu. Kama kichwa cha kibiriti."

"Aa," akasema. "Basi ni vile vile." Akageuka upande wa ukuta akalala. Hakuniuliza habari za mstarini asubuhi ile, wala hajaniuliza mpaka leo, na mimi ndiye ninayelala macho.

Mwaka uliofuata mama mdogo alisikia kwamba kwao kumetulia kidogo, wakafunga mabegi mawili na godoro. Nilirudishiwa jina langu zima na kitanda changu kizima. Usiku wa kwanza nilijitanua, mikono huku, miguu kule, nikangoja ile raha ya zamani ije. Nadhani ilipotea njia.

Mengine niliyaelewa nikiwa mtu mzima, hapa Kasese, ambako mchana nilikuwa nauza dukani na jioni nikisoma madarasa ya usiku mpaka nikapata cheti changu, ambacho nimekitundika mahali ambapo mgeni lazima akione hata kama ameingia kuomba maji. Kipindi kikiisha tulitoka uani saa tatu, na siku ambazo umeme umekatika Jabari alikuwa hapo juu, amelala ubavu, anateremka taratibu upande wa Bwera. Jioni moja nikagundua kwamba wenzangu wote wameshaondoka na mimi bado nimesimama na vitabu kifuani, nazisindikiza nyota. Ndipo nikaelewa jibu la kwenye simu. Nilikuwa nimedhani yule mtoto amekuja kuninyang'anya mama, jina, na hatimaye anga. Kumbe alichokuwa akifanya juu ya turubai letu ni kuhakikisha kila jioni kwamba vile vinavyokwenda kwao bado vipo, kimoja kimoja, na ni kimoja tu kilichokuwa kimefifia, naye akakiandika. Mimi sikuhesabu kwa sababu sikuwahi kupoteza kitu. Macho yale niliyoyaonea wivu yalikuwa yamenunuliwa kwa bei ambayo nisingekubali kuilipa hata nusu.

Siku hizi ana watoto, anauza vitenge Butembo, huko ng'ambo, na ananipigia simu za bei nafuu za usiku. Juzi akaniambia kwamba binti yake wa kwanza ameanza kuniulizia. Nikamwuliza anaitwa nani, kana kwamba sijui. Tukacheka mpaka salio lake likakaribia kwisha, na kabla simu haijakatika nikasema, "Dada, ile siku mstarini, aliyeitwa ni wewe."

"Nilijua," akasema. "Na wewe ulijua?"

"Hapana. Nilikuwa nimeona saba."